Mkono Ndani ya Kioo cha Kinyozi

Bibhas Dhar alikutwa Alhamisi asubuhi, amelala chali kwenye sakafu ya chumba cha giza, juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, kichwa kikiwa chini ya karo la mawe alilozoea kusafishia picha. Macho yalikuwa wazi. Juu yake picha tano zilining'inia kwenye kamba, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, na kila upepo ulipopenya mlangoni zilitikisika kidogo, kama watu wanaochungulia kisimani.

Inspekta Haradhan Maity alisimama kizingitini kwanza, mikono nyuma. Ndiyo desturi yake. Miaka ishirini na sita ya upelelezi katika Kalkuta ilikuwa imemfundisha kwamba mahali pa kifo pana maneno yake, na anayeingia haraka huyakanyaga.

Harufu ya dawa za picha ilikuwa kali kama siki. Chini yake ilikuwapo harufu nyingine, ambayo askari haulizi ni ya nini. Nje ya mlango, katika glasi ya mchanga, vilisimama vijiti vya ubani vilivyoungua hadi mwisho. Saba au nane.

Daktari wa polisi alimaliza kazi yake akiwa amechuchumaa.

"Lini?" Inspekta aliuliza.

"Juzi. Jumanne, giza linapoingia."

"Kaanguka au kaangushwa?"

"Kisogo kimegonga ukingo wa karo kwa nguvu. Na tazama shati, vifungo viwili vimeng'oka. Huyu kasukumwa." Daktari alivua glavu polepole. "Lakini hakufa palepale, Maity. Alipumua nusu saa. Pengine zaidi."

"Angepona?"

"Angekimbizwa hospitali, huenda leo angekuwa anakunywa chai."

Hilo la nusu saa lilimkaa Inspekta kama mwiba wa samaki kooni. Aliangaza macho chumbani. Hakuna kilichovunjwa, hakuna kilichoibwa. Kamera ya marehemu, ile nyeusi iliyochubuka pembe ambayo mtaa mzima wa Beniapara uliijua, ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake karibu na mlango. Ndani yake mlikuwa na filamu. Aliagiza ipelekwe makao makuu ikasafishwe.

Chini, uani, wanawake wa mtaa walikuwa wamemzunguka mjane. Aliitwa Sulekha, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye uso uliotulia kama maji ya mtungi. Bibi mmoja mzee alikuwa amesema mume hatolewi nyumbani mke angali na mapambo ya ndoa. Basi walimfuta ule unga mwekundu wa sinduri kwenye mwanya wa nywele, wakamkalisha chini, wakaiweka mikono yake juu ya jiwe, na bibi akazivunja zile bangili nyeupe za kombe la bahari, moja mkono huu, moja mkono ule.

Inspekta aligeuza uso. Alipokuwa na miaka tisa alimwona mama yake akivunjiwa za kwake namna hiyohiyo, na mlio ule, mdogo, mkavu, haujamtoka masikioni mpaka leo. Mama alikuwa ameficha kipande kimoja chini ya godoro. Alipofariki, Inspekta alikirithi. Kilikuwa kwenye mkoba wake wa mfukoni, nyuma ya kitambulisho cha kazi.

Wanawake walipomwinua mjane, kipande kimoja kilibingirika hadi kwenye kiatu cha Inspekta. Alikiokota bila kujua kwa nini, akakitia mfukoni.

Maelezo ya Sulekha yalikuwa machache na yalinyooka. Jumanne jioni mume wake alipanda paani kusafisha picha za maonyesho yake ya Delhi. Alisema asisumbuliwe. Akiwa na kazi nyingi hujifungia huko siku mbili, analala hukohuko, naye humwachia chakula mlangoni. Jumatano chakula hakikuguswa. Alhamisi alifungua kwa ufunguo wake.

"Na ubani, shemeji?" Inspekta aliuliza. "Nani aliuwasha?"

"Mimi huwasha kila siku. Dawa zake zinanuka."



Saa sita mchana mshukiwa alikuwa tayari mahabusu. Jina lake Ramdhari, mvuta riksho kutoka Bihari, ngozi na mifupa, mvi kichwa kizima. Watu wanane waliapa kwamba Jumanne mchana, kwenye kibanda cha chai, alimtishia marehemu kuwa atampasua kichwa kwa kamera yake mwenyewe. Watu watatu walimwona akipanda ngazi za nyumba ile jioni. Mkuu wa kituo alifurahi. Alimwambia Maity kuwa faili analitaka mezani Jumamosi saa sita, na mzee huyo ashitakiwe kwa mauaji.

Inspekta alimhoji mwenyewe.

"Ulimtishia?"

"Nilimtishia, bwana mkubwa."

"Kwa nini?"

"Alinipiga picha."

"Amepiga picha mtaa mzima miaka thelathini."

"Mimi alinitoa kwenye jarida. Peku, navuta riksho, ulimi nje kama ng'ombe. Kijijini kwetu wanajua mimi ni mlinzi wa ofisi. Wanajua nina kofia na filimbi." Mzee alitazama miguu yake. "Muuza duka kule kwetu akafungia chumvi kwa karatasi ile. Chumvi ikanunuliwa na baba wa kijana anayemposa binti yangu. Sasa wanasema hawaoi kwa mwongo."

"Na jioni ulipanda kufanya nini?"

"Kupeleka ndoo mbili za maji. Shemeji aliniomba."

"Umtukane mtu mchana, jioni umbebee maji?"

"Kwani mtu ukimtukana mchana, jioni si bado jirani?"

Konstebo Gobinda, aliyekuwa anaandika, alicheka kisha akajikohoza.

Ramdhari alisema aliacha ndoo juu ya ngazi, kwa sababu ndani alisikia mtu akilia. Inspekta akamwuliza kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

"Kilio hakina sari wala dhoti, bwana mkubwa. Nikashuka taratibu."

Mkuu wa kituo aliposomewa maelezo hayo alisema ni ngano za Bihari, na kwamba binti wa mtu huyo sasa angekosa posa kwa sababu kubwa zaidi kuliko riksho. Inspekta alijua kwamba mzee akishitakiwa, hana wakili, hana ndugu mjini, wala hana meno ya kujitetea. Angemezwa mzima.

Ijumaa alasiri filamu ilikuwa tayari.

Fundi wa picha wa polisi, mzee Tarapada, hakumwita kwa simu. Alikuja mwenyewe, bahasha kifuani, akafunga mlango wa ofisi. Aliziweka picha mezani kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, hadi meza ikajaa. Zilikuwa ishirini na tano.

Kumi na tisa za kwanza zilikuwa za Jumanne. Bomba la maji na foleni ya ndoo. Mama Panchi akiparuza samaki kwa kisu alichokibana kwa mguu. Mvuke wa chai. Ramdhari amenyoosha kidole, mdomo wazi. Zilikuwa nzuri kiasi kwamba Inspekta, aliyepita pale maisha yake yote, alijiona kama hajawahi kupaona.

"Hizi ni zake," Tarapada alisema. "Mkono wa Bibhas naujua kama mwandiko wa ndugu yangu. Sasa tazama sita hizi."

Zilikuwa zimepinda. Moja ilikuwa nusu ukuta. Nyingine ilikuwa mbingu tupu juu ya mapaa, na mbingu ile ilikuwa imejaa tiara, mamia, nyeusi na nyeupe, kama kunguru waliofungwa nyuzi.

Inspekta aliivuta picha karibu. Katika mji wao, tiara hujaa angani siku moja tu katika mwaka, siku ya mafundi, siku ya mungu wao Vishwakarma. Nayo ilikuwa Jumatano.

"Jumanne jioni alikufa," alisema.

"Ndiyo."

"Na Jumatano akapiga picha."

Ni konstebo Gobinda aliyejibu, kutoka pembeni, kwa sauti ya chini. Alisema bibi yake alimwambia kuwa mtu aliyekufa bila kuhitimisha kazi huirudia. Alikuwa ameshika hirizi yake shingoni. Tangu saa hiyo hakukubali kuigusa kamera ile, hata kuihamisha tu kutoka kabati hadi kabati.

Inspekta alizipeleka zile picha sita nyumbani kwake. Alizitazama wakati wa chakula, mkewe akamwambia aziondoe, zinamkosesha raha na hajui kwa nini. Hata yeye Inspekta hakujua. Watu walikuwa walewale, kona ileile, lakini picha zilikuwa kama zimepigwa na mtu aliyesimama ng'ambo ya maisha, anatazama asiokuwa nao tena.

Ya mwisho ilikuwa ya Nitai kinyozi. Nitai hunyoa watu kando ya njia, mteja juu ya stuli, kioo kimetundikwa ukutani kwa msumari. Alikuwa ameinama juu ya shavu la mtu lenye povu. Nyuma yake, ndani ya kioo, kwenye pembe, kulikuwa na kitu kidogo kama ukucha.

Inspekta alichukua lenzi.

Ulikuwa mkono. Mkono umeshika kamera, na kamera imeficha uso. Ncha ya sari ilikuwa imeteleza hadi kwenye kiwiko. Sari yenyewe ilikuwa na maua na pindo pana, vazi la mke wa mtu. Lakini kifundo cha mkono kilikuwa kitupu. Hapakuwa na bangili ya kombe, wala chochote.

Sari ya mke, mkono wa mjane.

Alitoa mkoba wake, akaweka mezani kipande cha mama yake. Kando yake akaweka kile alichookota Alhamisi. Cha mama kilikuwa cha njano, rangi ya jino la mzee, kwa miaka ya bizari na sabuni na jasho. Kile cha Sulekha, aliyekuwa mke kwa miaka ishirini na minne, kilikuwa cheupe kama maziwa.

Jumamosi saa moja asubuhi alikuwa kwenye kona. Bomba lilikuwa linatiririka. Nitai alikuwa anamnyoa mtu.

"Jumatano, saa kama hizi, nani alikupiga picha?"

"Kaka Bibhas. Nani mwingine?"

"Ulimwona?"

Nitai alisimamisha wembe. "Kumwona vipi, afande? Yule alitufundisha tusimtazame. Ukimtazama tu, anateremsha kamera na kununa, 'Umeniharibia.' Miaka thelathini. Mlio wa kamera kwetu ni kama mlio wa kunguru. Sisi tunaendelea na yetu."

"Kwa hiyo ulisikia mlio."

"Nikasikia mlio."

Mama Panchi, muuza samaki, alisema vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho. Lakini yeye alikuwa na dukuduku lake, akalitoa bila kuulizwa. Jumatano asubuhi, siku ya sikukuu, Sulekha alipita mbele yake, mkono kauviringa ndani ya sari, asinunue samaki. Alipoitwa alisema hana hamu. "Mke wa mtu, siku ya sikukuu, asile samaki," Mama Panchi alisema, akipigapiga kisu kwenye ubao. "Nikasema moyoni, huyu ama anaumwa ama kagombana na mume. Wasiokula samaki ni wajane, afande, si sisi."

Inspekta alimshukuru. Alitembea hadi nyumba ya marehemu, hatua nzito, Gobinda nyuma yake. Zilikuwa zimebaki saa nne kabla ya faili kutakiwa mezani, na Ramdhari alikuwa bado ameketi kwenye sakafu ya seli.

Sulekha aliwapokea kwa sari nyeupe. Chumba kilikuwa safi. Ukutani kulikuwa na picha moja tu, ya msichana wa miaka sita, amevikwa shada la maua makavu.

"Binti yetu," alisema alipoona wanamtazama. "Tuktuki. Alizama mtoni, siku ya kuitosa sanamu ya mungu mke. Miaka kumi na moja sasa."

"Pole, shemeji." Inspekta aliketi. "Bangili zile zilizovunjwa Alhamisi, ulizinunua lini?"

Nje tone la maji lilianguka kwenye ndoo.

"Jumatano jioni," alisema. "Soko la mbali."

"Za zamani?"

"Nilizivunja mwenyewe. Jumanne." Alitazama viganja vyake. "Mume akishakata roho hazivaliwi. Hata kama hakuna anayejua. Mungu anajua."

Gobinda aliacha kuandika.

"Ungezivaa tu siku mbili zile," Inspekta alisema, "leo nisingekuwa hapa."

"Ningekula na samaki pia? Ningekuwa mtu wa namna gani?"

Alilisema hilo kwa mshangao wa kweli, naye Inspekta akaona kwamba mwanamke huyu aliweza kuua, lakini hakuweza kufanya hilo.

"Ilikuwaje?"

Alieleza kwa sauti ileile iliyonyooka. Bibhas alimwomba amsaidie kuchagua picha za zamani kwa ajili ya Delhi. Chini kabisa ya sanduku alikuta moja imefungwa kwa kitambaa, pamoja na maua makavu, kama kitu cha ibada. Ilikuwa picha ya siku ile mtoni. Ngoma, moshi, umati, sanamu inainama majini, jua linapenya kati ya mikono ya watu. Picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Na pembeni, chini kushoto, juu ya maji, mkono mdogo umeinuliwa. Una bangili nyekundu ya kioo.

"Nilimvalisha mimi ile bangili asubuhi yake," Sulekha alisema. "Miaka yote aliniambia hakuwapo. Kwamba alifika amechelewa."

"Ulimwuliza?"

"Nilimwuliza. Akalia. Akasema, 'Sikumwona, Sulekha. Nilikuwa natazama mwanga. Nilimwona usiku, nilipoisafisha.' Mwanga. Mtoto anazama umbali wa hatua kumi, baba anatazama mwanga. Nikamwambia mwongo. Akanishika mkono. Nikamsukuma."

"Na baada ya hapo?"

"Alianguka. Alikuwa anapumua, anafungua na kufumba mkono. Nikaketi kando yake. Nikasema moyoni, nitatazama, kama alivyotazama yeye. Nilitazama mpaka ukaacha kufumba."

Gobinda alikuwa amegeukia dirisha.

"Jumatano ulichukua kamera. Kwa nini?"

"Nilitaka kujua alichokuwa anakiona mle ndani kikamzidi mtoto. Miaka ishirini na minne niliisikia inalia, sikuwahi kuishika. Nikaenda kwenye kona yake, saa yake. Nikatia jicho kwenye kile kitundu. Sikuona cha maana. Watu wadogo wadogo. Nikapiga, nikapiga, nikairudisha msumarini."

Inspekta alitoa picha ya Nitai, akaiweka magotini pa mjane. Kidole chake kiligusa pembe ya kioo.

Sulekha aliinama. Kwanza hakuelewa. Kisha aliuona mkono, na ncha ya sari, na kile kifundo kitupu alichokificha siku nzima mbele ya mtaa, kiko wazi, kimeelekezwa kwake mwenyewe.

"Ulipokuwa unatazama ndani ya kile kitundu," Inspekta aliuliza, "ulijiona?"

Aliisogeza picha karibu na macho.

"Sikujiona."

"Kioo kilikuwa mbele yako."

"Nilikuwa namtazama kinyozi. Povu lilikuwa linang'aa, nikawa natazama..." Hakumaliza. Aliiangalia picha ya msichana ukutani, akaiangalia tena ile ya magotini, na ule utulivu wa maji ya mtungi ukapasuka. "Basi alisema kweli," alisema. "Ee Mola, alisema kweli. Hakumwona."

Alilia wakati huo tu. Inspekta alimwacha alie. Kisha alimpa Gobinda karatasi ya kumfungulia Ramdhari, atangulie nayo mbio kituoni, na kwenye maelezo ya mzee akaandika kwa mkono wake kwamba shahidi alisema kweli tangu mwanzo. Huenda karatasi hiyo nayo ingefika Bihari. Mungu huwa na njia zake za kufungia chumvi.

Walipotoka, askari wa kike aliyeletwa kutoka kituoni alitaka kumfunika Sulekha uso kwa ncha ya sari, kama wafanyiwavyo washitakiwa wote wanapopitishwa njiani. Sulekha aliukwepa mkono wa askari.

"Waache wanione," alisema.

Wakapita kwenye kona, kando ya bomba, kando ya kibanda cha chai, mbele ya kioo cha kinyozi. Nitai alishusha wembe. Kisu cha Mama Panchi kilinyamaza. Kona nzima, iliyofundishwa miaka thelathini isitazame, iliinua macho.